Hukumu ya Mtani Darajani

Mimi ni mbishi. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Nimekulia nyuma ya meza ya duka la vitenge na vyombo hapa Dodoma mjini, na kwenye biashara yetu mtu asiyebisha hauzi. Mteja akisema sufuria ina kidoa, mimi nasema kidoa kipo kwenye jicho lake, na tukimaliza kubishana anaondoka na sufuria na mfuniko wake. Kwa hiyo nilipokutana na gemu ambalo kitabu chake cha sheria ni kinene kuliko tofali, na nusu ya kitabu inazungumzia nani ana haki ya kumpiga nani na lini, nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa shamba la mizabibu akaambiwa achume.

Kwa asiyelijua, ni gemu la mezani, halina umeme wala simu. Mtu mmoja, sisi tunamwita mwenye meza, anasimulia: mko msituni, mbele kuna pango, na ndani ya pango kuna kitu kinapumua. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inasema kama umefaulu. Dadu yenyewe ina nyuso ishirini. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni pipi.

Tulikuwa wanne, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kwenye baraza la nyuma la nyumba ya mwenye meza kule Nzuguni. Yeye ni Mhaya, mpima ardhi, amekuja Dodoma na wimbi la watu waliofuata ofisi za serikali. Ni mpole sana, anaongea kama anayehofia kuamsha mtoto, na kwa upole huohuo ameshawaua wahusika wetu wengi. Wa pili alikuwa binti wa Kirangi kutoka Kondoa, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, ambaye mhusika wake ni mchawi wa upepo na moto. Wa tatu ni Mgogo wa Zuzu, fundi wa pampu za visima, ambaye mhusika wake hurusha mikuki. Wa nne mimi. Mimi nina mbeba ngao.

Huyo mbeba ngao nimekuwa naye miaka mitatu. Nilimtengeneza mwenyewe: mwanamke mfupi, ana kovu kwenye kidevu, hakimbii. Nimemvusha mito, nimemtoa kwenye magereza mawili, nimemnyima mchumba kwa sababu mchumba mwenyewe alikuwa mwoga. Dada zangu dukani wanamjua. Wakiniona Jumapili asubuhi wanauliza, "Mzima?" Na mezani kwetu aliyekufa amekufa. Karatasi yake inachanwa vipande, na Jumamosi inayofuata unaanza na mtu mpya asiyejua hata kushika kisu. Hilo tulikubaliana tangu mwanzo, tena mimi ndiye niliyelishikilia, kwa sababu vita isiyo na kifo ni kucheza kombolela.

Sasa, ubishi. Kitabu kinene, lakini aliyekiandika hakuwahi kukaa meza moja na mimi na yule Mgogo. Mwaka wa kwanza tulibishana mpaka chai ikapoa na maandazi yakaliwa na kuku. Je, mtu aliyeangushwa chini anaweza kukinga mshale kwa ngao? Mimi nikasema ndiyo, nikalala sakafuni na sinia la jikoni kuonyesha. Mgogo akasema hapana, akachukua ufagio, akanichoma mbavuni chini ya sinia. Adhana ya magharibi ikatukuta hapo hapo, mimi nimelala, yeye amesimama, na lile zimwi la mezani halijapigwa hata kibao.

Jumamosi iliyofuata yule Mgogo ndiye aliyekuja na dawa. Alisema, "Huyu ni mtani wangu. Kwa nini tunamsumbua mwenye meza?"

Ni kweli. Babu wa babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alikuja na misafara ya pembe, akachoka hapahapa, akasilimu, akaoa, akafungua duka. Na Wagogo ndio waliokuwa wakiitoza misafara hongo ili inywe maji ya visima vyao. Kutoka huko ukazaliwa utani, na mpaka leo Mgogo ana ruhusa ya kuniita mpagazi mbele ya watu, na mimi nina ruhusa ya kumwambia kwamba ukoo wake wote uliota kitambi kwa kukalia kisima. Hakuna kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake ndiye mwenye aibu. Msibani mtani ndiye anayeingia akacheka, akaziba njia ya kaburini mpaka apewe chochote, akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa bahili, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Akifanya hivyo mtu mwingine atapigwa.

Basi tukaweka utaratibu. Ubishi wa vita ukishindikana, kesi inakwenda kwa mtani wa mlalamikaji. Kwanza mtani anakutukana kadiri anavyotaka. Ukikasirika umeshindwa, unaosha vyombo. Ukivumilia, anatoa hukumu, na hukumu hiyo inakuwa sheria ya meza siku zote, kwa rafiki na kwa adui. Haikatiwi rufaa. Utamkatia rufaa mtani kwa nani? Mwenye meza na yule binti hawakuwa na utani wa asili kati yao, kwa hiyo tuliwafunga utani kwa soda moja ya kuchangia, na wakaushika vizuri kuliko sisi.

Ulifanya kazi, wallahi. Mgogo aliposhtaki kwamba mhusika wake anaweza kurusha mkuki na papo hapo kukinga panga kwa mkuki huohuo, kesi ilikuja kwangu. Nilimzungusha kwanza. Nikamwambia najua kwao wamezoea kushika maji ya mtu na fedha ya mtu kwa mkono mmoja. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikahukumu: mkuki ukishaondoka umeondoka, kama ng'ombe wa mahari. Akakubali. Dakika chache baadaye akakatwa sikio, na hakusema neno.

Nimeeleza yote haya ili mtu aelewe ile Jumamosi ya daraja, kwa sababu nikiisimulia bila kueleza watu wanadhani nimechanganyikiwa.

Ilikuwa Agosti, na Agosti ya Dodoma ni upepo. Vumbi lilikuwa linapita uani kwa mafungu, tumeikandamiza ramani kwa mawe pembe zote nne, na kila aliyefungua mdomo alionja mchanga. Mezani palikuwa na korongo refu, na juu yake daraja la kamba. Upande mmoja milima tuliyokuwa tunaikimbia, upande wa pili njia ya nyumbani. Wahusika wetu tulikuwa tunatumia vizibo vya chupa. Mimi cha plastiki, cha bluu. Zimwi lilikuwa betri kubwa ya tochi, imesimama wima, na hata kuiangalia tu ilikuwa inatisha.

Hali ilikuwa mbaya, tena mbaya sana. Mrusha mikuki alikuwa amekaa upande wa milima, mguu umevunjika, hana mkuki. Mchawi alikuwa pembeni yake, amebakiwa na uchawi mmoja. Mbeba ngao wangu alikuwa amesimama katikati ya daraja, peke yake, na pointi mbili za uhai. Mbili! Zimwi likimgusa kwa bega tu, amekufa. Na zimwi lilikuwa limeingia darajani kutoka upande wa milima, limesimama kati yangu na wenzangu, linanijia.

Binti wa Kirangi akavuta pumzi, akasema, "Nauita upepo."

Upepo wake unavuma kwa mstari ulionyooka, toka alipo mpaka ng'ambo, na hautulii mpaka zamu yake irudi tena. Kila kilichomo kwenye mstari unakisukuma: kizito miraba mitatu ya ramani, chepesi miraba minane. Akarusha dadu. Kumi na tisa! Tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Mimi nilijitupa pembeni nikashika kamba, dadu ikanikubalia, upepo ukanikosa. Zimwi halikukosa. Mwenye meza akaisukuma betri, mraba mmoja, wa pili, wa tatu, ikanipita begani, ikasimama upande wangu wa pili.

Ikanipita! Nilisimama kwenye kiti. "Limenipita! Pigo la mpitaji! Nipe dadu!"

Kitabu kinasema hivi: ukimpita adui aliye karibu nawe, au ukimkimbia, ana haki ya kukupiga mara moja papo hapo, bila kungoja zamu yake. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Zimwi lilikuwa limebakiza uhai wa mapigo mawili. Moja sasa linapopita, la pili kwenye zamu yangu inayofuata hapo hapo, na limekwisha. Bila pigo la kwanza, nalipiga mara moja, halifi, linageuka, linaniua, kisha linarudi kuwamaliza mwenye mguu uliovunjika na mchawi mkavu. Kila mtu mezani alikuwa ameona hesabu hiyo.

Mwenye meza akakuna shingo. "Sina uhakika, dada," alisema kwa ile sauti yake. "Halikupita. Limepitishwa."

"Kupita ni kupita! Lilikuwa huku, sasa lipo kule!"

"Halikutumia miguu yake."

"Kwani mimi napiga miguu? Napiga kichwa!"

Hapo mama yake mwenye meza, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe kutoka Bukoba, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sote tukaruka kwa adabu, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado, mama," akajibu mwanawe.

"Basi msimlilie kabla," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nikasema kesi iende kwa mtani. Nilisema kwa furaha, nikakaa, nikakunja mikono. Maana fikiria: hakimu ni yule Mgogo, na mhusika wa Mgogo amekaa pale hana mguu wala mkuki. Nikishinda mimi, amepona yeye. Nilimwonea huruma mwenye meza.

 Mgogo akachukua karanga, akaimenya polepole, akapuliza ganda. Kisha akaanza. Akasema wapagazi tangu zamani hawajui kutofautisha kutembea na kubebwa, kwa kuwa maisha yao yote wanabeba. Akasema babu yangu alipofika hapa alilia maji kwa sauti kubwa hivi kwamba babu yake aliongeza hongo kwa sababu ya kelele. Akasema mbeba ngao wangu ni mfupi kwa sababu nimempa urefu wangu na nimembakizia mdomo. Binti wa Kirangi alikuwa analia kwa kicheko. Mimi nilivumilia, natabasamu, nangoja hukumu yangu.

"Mtani," akasema, na uso wake ukabadilika. "Mpitaji ni yule anayejichagulia kupita. Anageuza ubavu, anaangalia anakokwenda, ndiyo maana unapata nafasi ya kumpiga. Aliyesombwa hajakupa nafasi yoyote, hata wewe umeshtuka. Asiyekwenda kwa miguu yake hapigwi pigo la mpitaji. Nimehukumu."

  Nilimwangalia yule mtu, nikataka kumwuliza kama ameelewa alichofanya, na nilijua nikifungua mdomo nitakasirika, na nikikasirika nitaosha vyombo juu ya msiba.  Miaka mitatu! Nilimwona mbeba ngao wangu amesimama pale na kovu lake, hajui kwamba amehukumiwa na rafiki yake mwenyewe aliyekaa chini ya mlima. Binti wa Kirangi alikuwa ameacha kucheka. Akanishika goti chini ya meza.

"Zamu yako, dada," akasema mwenye meza. Hata yeye hakufurahi.

Nikainama kuokota dadu. Wakati huo huo upepo, upepo wa kweli, wa Agosti, wa Nzuguni, ukageuza kona ya nyumba ukapiga meza. Jiwe moja likaondoka kwenye pembe, ramani ikainuka kidogo, na kizibo changu cha bluu kikateleza. Kikateleza sawasawa juu ya daraja, kikaipita betri bila hata kuigusa, kikaenda kusimama karibu na ng'ambo. Betri haikutikisika.

Mwenye meza akanyoosha mkono kukirudisha.

"Usikiguse!" Nilipiga ukelele ambao mama wa Bukoba aliujibu kutoka jikoni. "Usikiguse! Upepo wa mchawi bado unavuma?"

"Unavuma. Mpaka zamu yake."

"Nikiachia kamba nikaingia kwenye mstari wake?"

Akafikiri. "Unasombwa."

"Mimi mzito au mwepesi?"

"Mwepesi," akasema, na nikaona macho yake yanaanza kufunguka. "Miraba minane."

"Nitalipita zimwi?"

"Utalipita."

"Kwa miguu yangu?"

Binti wa Kirangi alishasimama. Alishaelewa. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na anaruka kama mtoto. Mwenye meza alimwangalia Mgogo, Mgogo aliangalia meza. Hukumu ni sheria siku zote, kwa rafiki na kwa adui. Asiyekwenda kwa miguu yake hapigwi. Zimwi halina haki ya kunigusa.

"Naachia kamba!" nikasema.

Mwenye meza alisimulia vizuri siku hiyo kuliko siku zote nilizomsikia, na sauti yake ya kubembeleza mtoto iliondoka kabisa. Alisema ngao ilijaa upepo ikaninyanyua. Alisema nilipita chini ya kwapa la zimwi nikasikia harufu yake. Likarusha mkono, limechelewa, likashika hewa. Nikaanguka ng'ambo kwa magoti, mbele ya nguzo zinazoshika kamba za daraja.

"Nakata," nikasema.

"Unahitaji kumi na moja au zaidi. Ukikosa, zamu ni yake."

Nilipuliza dadu, nikasema bismillahi, nikarusha. Ilizunguka muda mrefu, ikapita karibu na ganda la karanga, ikalala. Kumi na nne.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi. Binti wa Kirangi alinikumbatia kiti kikaanguka, mwenye meza aliishika betri akaiachia chini ya meza taratibu, kwa heshima, ikagonga sakafu, na mama yake alikuja kusimama mlangoni akauliza kama sasa amekufa. Tukamwambia ndiyo, mama, amekufa zimwi. Akasema alhamdulillahi, ingawa yeye ni Mlutheri, akasema ndizi zimeiva tukanawe.

Tulikula huku tunasimuliana upya jambo ambalo wote tulilishuhudia. Kila mmoja aliongeza chake. Binti alidai upepo wake ndio ulioua, mwenye meza alidai alikuwa anatuombea kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimeshiba furaha, naongea na chakula mdomoni, na nilikuwa na hakika ya jambo moja: yule Mgogo ni fundi. Aliuona upepo mapema kuliko wote. Alinihukumu vile makusudi, akanifungulia njia, akanyamaza ili ushindi uwe wangu. Nilimpenda kwa ujanja huo. Nilikuwa nangoja tu tuwe wawili nimwambie nimemshtukia.

Tulipoaga jua lilikuwa linazama na vumbi limetulia kidogo. Nilimsindikiza mpaka mahali alipoegesha pikipiki. Nikamwambia, "Mtani, wewe ni nyoka. Ulijua kwamba upepo utanibeba na mimi."

Aliangalia chini, akafuta kiti cha pikipiki kwa kiganja.

"Sikuuona," akasema. "Nilijua nakuua."

Nikamwuliza na yeye je, na mguu wake uliovunjika. Akasema na yeye alijua anakufa, hilo halikuwa gumu kuhesabu.

"Sasa kwa nini?"

"Uliniuliza kama limepita," akasema. "Halikupita."

Nilisimama pale. Nilikuwa na maneno, mimi huwa nayo siku zote. Nilikuwa na la hongo, la kisima, na jipya la karanga nililolitunza tangu mchana. Akavaa kofia ngumu, akawasha pikipiki, akangoja nimtukane kama kawaida ndipo aondoke. Sikumtania hata neno moja. Nilimwambia tu afike salama, awasalimie Zuzu.

Akavua kofia, akaniangalia vizuri, akaniuliza kama naumwa.